Usiite Kelele Kitu Hujasikiza

Kuna sentensi moja nimechoka nayo: "Hiyo ni ngoma ya wazungu."

Naisikia kila wiki. Naweka kitu kwa spika, sekunde kumi hazijaisha, mtu ashakunja uso kama mgeni amepewa mursik mara ya kwanza. Hakuna kiitikio. Hakuna mtu analilia mapenzi. Biti inaenda upande wake, kuna mlio unakaa kama transfoma ya stima ikitaka kulipuka, na hukumu inatoka hapo hapo: ya wazungu. Kesi imefungwa, rudisha amapiano.

Sina shida na amapiano. Mwaka wa kwanza mlisema hata hiyo haina maneno na ni ndefu sana, sai mnaichezesha hadi kwa ruracio. Shida yangu ni hiyo hukumu, juu ni uongo, na ni uongo unaotugharimu.

Msimamo wangu ni huu, sitauzungusha. Kazi nyingi kali za muziki wa kompyuta zilizotoka hii miaka kama kumi zimetengenezwa na watu wa hapa kwetu: Dar, Gulu, Kampala, Nairobi. Wasee wa Berlin na London wanazijua kwa majina. Sisi wa Sisibo, wenye lugha, wenye mitaa inayolia hivyo hivyo, ndio wa mwisho kuzisikia. Na tusiposikiza sasa, kuna siku watoto wetu wataenda kuziomba kwa makumbusho ya watu. Si chumvi hiyo. Ishatokea, na ilitokea hapa Bonde la Ufa, kwa Wakalenjin. Nitafika hapo.

Kwanza tumalize huo uongo. Mwaka wa 1944, Cairo, kijana Mmisri anaitwa Halim El-Dabh, aliyekuwa akisomea kilimo, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio. Akaenda kwa sherehe ya zaar, ile ya wanawake ya kutoa pepo, akarekodi sauti zao. Kisha akarudi studio akaanza kuichokora hiyo rekodi: akaongeza mwangwi, akatoa sehemu za sauti zenyewe zikabaki kama vivuli. Vitabu vingi vya historia ya muziki vinaanza hadithi hii Paris, 1948, kwa Pierre Schaeffer. Sasa wewe fanya hesabu. 1944 inakuja kabla ya 1948, hata kama hukupita hesabu. Mwafrika, tena msee wa kilimo, alikuwa anakatakata sauti kabla Paris haijajua kuna kitu kama hicho.

Na usiende mbali hadi Cairo. Simama stejini hapa mjini saa kumi na moja jioni. Kuna jamaa wa dawa ya panya na kunguni. Amerekodi sentensi moja kwa kipaza sauti chake, imezunguka tangu asubuhi, betri inaisha, sauti inazama polepole hadi maneno yanageuka kitu kingine kabisa. Hatua chache mbele kuna mhubiri, spika yake imepasuka, kila "Haleluya" inatoka na mkia. Katikati kuna makanga wa Langas, makanga wa Huruma na boda inayokataa kuwaka. Mwaka wa 1964 Mmarekani Steve Reich alimrekodi mhubiri wa barabarani San Francisco, akakata maneno yake, akayazungusha kwa tepu mbili hadi zikaachana. Kazi hiyo, It's Gonna Rain ya 1965, inafundishwa vyuo vikuu. Sisi tunayo bure kila jioni na tunaiita usumbufu.

Kwa hivyo masikio yetu yashafunzwa. Hatukosi masikio. Tunakosa ruhusa, na tunangoja mtu wa mbali atupe.

Sasa tuingie kwa albamu zenyewe. Anza na singeli, maana hapo hoja ya "wazungu" inakufa bila hata kupelekwa hospitali. Lugha ni Kiswahili. Imetoka uswahilini Dar es Salaam, kwa vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, ambapo watu walichukua vipande vya taarabu wakaviongeza kasi hadi vikageuka wazimu. Mwaka wa 2017 ilitoka mkusanyiko unaoitwa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso hapo Dar, na watu wa Ulaya wakashika vichwa. Midundo 200 kwa dakika, mingine inakaribia 300. Yangu ninayoipenda ni Uingizaji Hewa ya Duke, 2019. Jina peke yake lingetosha. MC anatema maneno kama mtu anafukuzwa na mbwa, biti iko mbele yake inamcheka. Poaa ya Bamba Pana, 2018, nayo ina ngoma ambazo ukizisikiza vizuri unagundua kuna marimba ndani zinakimbia kama watoto wametoka shule. Na Mr Mixondo ya DJ Travella, 2022, ni ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia "hapana, hiyo haiwezekani."

Kitu kinanichekesha ni hiki. Sisi ni mji wa wakimbiaji. Tumeandika hadi kwa mabango. Mwanariadha mzuri anapiga hatua kama 180 kwa dakika, unawaona kila asubuhi barabara ya Iten, miguu kama cherehani. Halafu tukiwekewa singeli tunasema "hii ni mbio sana." Mji wa mabingwa unaogopa biti inayokimbia. Wueh.

Kuna msee ataniambia singeli haina ujumbe. Kuna albamu ya Jay Mitta ya 2019 inaitwa Tatizo Pesa. Tatizo. Pesa. Unataka ujumbe gani mwingine?

Tutoke Dar turudi upande wetu. Shika Uganda Road hapo mbele, pita Webuye, pita Malaba, endelea tu na malori. Kwa barabara, Jinja iko karibu na sisi kuliko Nairobi, na huko Jinja ndiko tamasha la Nyege Nyege lilianza 2015. Najua, jina. Kila nikilitaja mbele ya mama nasema "lile tamasha la Uganda." Kwa Kiganda linahusu ile hamu ya ghafla ya kucheza, kwa Kiswahili mnajua linahusu nini, na nusu ya watu wanaolipinga hawajawahi kuvuka hilo jina waone nini kiko nyuma yake. Mwaka wa 2018 waziri wa maadili wa Uganda alijaribu kulifunga, 2022 wabunge wakajaribu tena. Watu wakacheza tu.

Tamasha hilo lina lebo, Nyege Nyege Tapes, na ndiyo iliyotoa hizo singeli nyingi nimetaja. Ndiyo pia iliyotoa Gulu City Anthems ya Otim Alpha, 2017, na kama wewe ni mtu wa "nipe moja tu," chukua hiyo. Hizi ni nyimbo za harusi za Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Zamani harusi ilihitaji kundi zima la wapigaji na waimbaji, na kuwaita hao wote ni pesa. Watu wametoka vitani, pesa hakuna. Kwa hivyo Otim Alpha na prodyusa Leo Palayeng wakaweka ngoma za asili kwa kompyuta, wakaongeza kasi, mtu mmoja akafanya kazi ya kijiji kizima. Nyimbo zilizo kwenye hiyo albamu walizirekodi kati ya 2004 na 2015. Hakuna mtu aliketi kutafuta kuwa wa ajabu. Walikuwa na harusi Jumamosi na bajeti ndogo. Ukisikia vile nanga inazunguka juu ya ngoma za mashine, na sauti yake imekwaruzika juu ya zote, utajua kwamba "majaribio" ni jina la kifahari la kitu ambacho jua kali wanafanya kila siku: chukua kilichoko, fanya kifanye kazi ambayo hakikuundiwa.

Konono N°1 wa Kinshasa walifanya vivyo hivyo kabla: vipaza sauti vya kujitengenezea, sumaku za magari yaliyokufa, likembe zinalia kama gitaa la umeme. Albamu yao Congotronics ilitoka 2004. Kuna fundi hapa Eldoret ambaye angeweza kutengeneza hiyo mitambo kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyemwambia ni sanaa.

Sasa niingie Nairobi, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna msee anaitwa KMRU. Jina lake kamili ni Joseph Kamaru, na kama una wazee wa Kikuyu nyumbani wataruka wakisikia, maana Joseph Kamaru mwingine ndiye babu yake, yule mwimbaji mkubwa aliyefariki 2018. Mjukuu amebeba jina lote, na ameziweka mtandaoni nyimbo za zamani za babu ndio zisipotee. Lakini muziki wake mwenyewe uko mbali. Hauna maneno, mara nyingi hauna hata mdundo. Anarekodi mitaa, ndege, mashine, vyumba vitupu, kisha anavitandaza hadi vinakuwa kama hali ya hewa.

Albamu yake Peel ilitoka 2020, ule mwaka wa kafyu, kupitia lebo ya Editions Mego ya Vienna. Kwangu hiyo ndiyo albamu kubwa zaidi iliyotoka kwa Mkenya hii miaka, aina yoyote ya muziki, na niko tayari kubishana na yeyote hadi asubuhi. Lakini usiiweke kwa spika ya simu halafu uje kulalamika. Vaa hedifoni. Panda matatu ya Iten alfajiri, kaa dirishani, iache ianze polepole ukungu ukiwa bado umekaa mashambani. Ama ingoje mvua ya saa tisa, ile ya Eldoret ambayo ikigonga mabati hakuna mtu anaongea ndani ya nyumba. Hebu niambie: hiyo dakika tano mnanyamaza wote mkisikiza mabati, hakuna mtu anauliza "sasa kiitikio kiko wapi?" Unajua tayari jinsi ya kusikiza KMRU. Umeifanya tangu ukiwa mtoto.

Kama Peel ni mlima sana, anza na Logue ya 2021. Hiyo ina melodi za kushika.

Na sasa ile hadithi niliyoahidi.

Mwaka wa 1950, Mwingereza anaitwa Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine za kurekodi, alifika kwa Wakipsigis, Kapkatet. Wakati huo santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi, zilikuwa zimefika huko kwa gramafoni. Rodgers mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1933, lakini sauti yake ilikuwa inazunguka kijijini bila mwili. Wakipsigis waliisikia, wakaligeuza jina likawa Chemirocha, wakamfanya kiumbe, nusu mtu nusu paa. Wasichana wakamwimbia, chepkong'o ikipigwa nyuma. Tracey akarekodi.

Hebu fikiria hicho kitendo kwanza kabla hatujaenda mbele. Mashine ngeni inakuja na sauti ya mtu haonekani. Hawakuogopa, hawakuiga, na hawakusema "hiyo ni ngoma ya wazungu," ingawa hiyo kweli ilikuwa ya mzungu. Waliichukua, wakaivunja, wakatengeneza kitu ambacho hakikuwa kimewahi kuwepo popote duniani. Ukitafuta wasanii wa majaribio wa Bonde la Ufa, anza na hao wasichana.

Halafu nini? Rekodi ikaenda. Ikahifadhiwa Afrika Kusini, kwa maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha 1954, ile International Library of African Music. Watu wa ng'ambo wakaisikia, wakaipenda, wakaiandikia makala. Nakala zilirudishwa kwa jamii mwaka wa 2015, hiyo maktaba ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi. Miaka 65 baadaye. Msichana aliyekuwa na miaka 15 siku ya kurekodi, kama bado alikuwa hai, alikuwa na 80.

Najua hapo kulikuwa na ukoloni, na hao wasichana hawakuwa na njia ya kuidai sauti yao. Hiyo ni kesi nyingine na mwenye kosa anajulikana. Lakini sisi? Sisi tuna simu mfukoni. Muziki wa KMRU, wa Duke, wa Otim Alpha uko hapo, unasikizwa bure kabla ya kununua. Hakuna mkoloni amesimama mlangoni. Na bado tumewaachia watu wa Vienna na Berlin wautunze.

KMRU mwenyewe analijua hili kuliko mimi. Mwaka wa 2022 alitoa albamu inaitwa Temporary Stored, imejengwa kwa rekodi za zamani za Afrika zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Tafsiri ya jina ni kama "imehifadhiwa kwa muda," na hicho kichwa ni kofi. Muda gani? Sauti za watu wamekufa, za vijiji vyao, ziko kabati la Ubelgiji, na mjukuu wa mwimbaji wa Kikuyu anaenda huko kuzitoa akiwa na kompyuta. Isikize usiku. Si ya kufurahia, nakuonya. Kuna mahali sauti ya mtu inataka kutoka na haitoki vizuri, na mimi huwa naizima hapo kidogo, nanywa chai, narudi.

Ukimaliza hiyo, jitibu na peace places: kenyan memories ya Nyokabi Kariũki, 2022. Ni fupi, ni nyumbani, ina Kiswahili na Kikuyu na sauti za watu wa familia. Sitaieleza sana, ni ya kusikiza.

Sasa kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzuri, na sitajifanya siijui. Watu wanasema: hiyo lebo ya Kampala ilianzishwa na watu wawili kutoka Ulaya, wanunuzi wengi wako Ulaya, matamasha yanayolipa yako Ulaya. Kwa hivyo hii yote ni Afrika inatengenezewa wazungu, na wewe ni wakala wao tu.

Sehemu ya kwanza ni kweli. Waanzilishi ni wa kutoka Ulaya. Pesa nyingi iko huko. KMRU alienda kusoma Berlin na akakaa. Lakini angalia mnavyotumia huo ukweli. Mnasema "wasikilizaji wao ni wazungu" kama vile ni kosa la msanii. Wasikilizaji wake ni wazungu kwa sababu wewe umekataa kuwa msikilizaji. Huwezi kufunga mlango halafu umlaumu mtu kwa kulala kwa jirani. Duke hakuandika kwa Kijerumani. Otim Alpha hakuimbia harusi ya Wabelgiji. Wangekuwa na ukumbi uliojaa Eldoret, Kisumu, Mwanza, Gulu, wangekuwa na nguvu ya kuambia lebo yoyote "hapana." Sasa hivi hawana, na hiyo nguvu wangeipata kwetu.

Na kukosa hiyo nguvu kunawatesa kweli. Kuna kundi la Nihiloxica, Waganda na Waingereza pamoja, ngoma za Kiganda na sintesaiza nzito kama lori la mahindi. Albamu yao Kaloli ya 2020 ni moto. Ile ya 2023, Source of Denial, nzima inahusu viza: fomu, maswali, kungoja, kukataliwa kuingia Uingereza. Msanii anayetegemea jukwaa la ng'ambo anategemea muhuri wa karani wa ng'ambo. Kutoka Kampala kuja Eldoret Mganda anahitaji kitambulisho tu na nauli ya basi. Lakini aje kwa nani? Nani amemwita?

Kundi la pili la kulipigia kelele ni nyinyi wa upande wangu, wasee wa "mimi nasikiza vitu tofauti." Nawajua. Mnaijua Duma kwa sababu mlisoma jarida la Marekani likisema ni kali. Hamkuiskia kwa sababu iko Nairobi, mliiskia kwa sababu ilirudi kutoka nje na stempu. Hiyo ni ile sentensi ya "ngoma ya wazungu" imevaa tu jaketi ya mtumba ya bei ghali. Mnaficha albamu kama siri ya ukoo ndio muonekane wa maana kwa mbogi. Mtu akiuliza jina la ngoma mnasema "huwezi elewa." Maze, mwambie jina!

Ndiyo, Duma. Martin Khanja kwa sauti, Sam Karugu kwa gitaa na mashine, albamu ilitoka 2020 na inaitwa hivyo hivyo, Duma. Kwa Kiswahili ni yule mnyama wa mbio, lakini wao walilichukua kwa Kikuyu, kwa maana ya giza. Ni metali ya Nairobi imeingia kwa kompyuta ya Kampala ikatoka bila ngozi. Hii nikiweka, watu wa hapa wanaanza kukemea. "Hiyo ni ya shetani." Nimekulia mji ambao Ijumaa usiku kuna kesha kila kona, mhubiri anapiga nduru hadi sauti inakatika, spika zinapasuka, watu wanaanguka. Kama nduru ni ya shetani basi tuna shida kubwa kuliko Duma. Mimi naisikia tofauti: ni sauti ya mtu anayekataa kuongea kwa adabu kuhusu mambo yasiyo na adabu. Kwa kijana amemaliza chuo na anauza kreditii pale Annex, hiyo ni habari, si shetani. Khanja sai anajiita Lord Spikeheart, na The Adept yake ya 2024 ni nzito zaidi. Usianze nayo. Hata mimi siiweki kabla ya saa sita mchana.

Sitawadanganya kwamba zote ni rahisi. Kuna kazi za hawa watu ambazo hazinipati, kuna zingine ni sauti ya friji tu na jina refu. Msikilizaji ana haki ya kusema "hii ni mbaya." Ninachokataa ni kusema hivyo kwa sekunde kumi, kwa spika ya simu, kwa sababu eti haifanani na kile kilikuwa kinachezwa kwa mathree. Mpe Otim Alpha nyimbo tatu. Mpe KMRU safari moja ya Iten. Ukirudi na bado unaichukia, njoo unieleze mahali gani ilikushinda, na hapo tutakuwa tunabishana kuhusu muziki. Sai tunabishana kuhusu rangi ya watu ambao hata hawako kwa chumba.

Na madijei, nyinyi siwaachi. Niliwahi kupeleka flash kwa klabu moja hapa mjini, sitaitaja, Jumatano usiku, watu tisa ndani wakiwemo walinzi wawili. Ngoma moja tu ya Jay Mitta, dakika nne. Nikaambiwa "itafukuza wateja." Wateja gani, buda? Baadaye nikasikia hiyo seti yote ya usiku ule, wimbo baada ya wimbo ni ile ile orodha ya Nairobi ya mwezi uliopita. Tulifanywa jiji rasmi Agosti 2024, na bado tunangoja Nairobi itupigie simu ituambie cha kucheza.

Kwa hivyo nasema wazi. Kama una spika mbili za kueleweka na ukumbi ambao unakaa bure siku ya Jumanne, Langas, Kapsoya, Huruma, Kimumu, popote, hata gereji, niandikie. Sihitaji kulipwa. Nitakuja na flash na hedifoni zangu. Saa ya kwanza ni singeli na Acholi, watu wacheze. Saa ya pili taa zizimwe, watu wakae chini, tuweke Peel kutoka mwanzo hadi mwisho bila mtu kushika simu. Halafu tumalize na Chemirocha. Ikinyesha, tutafungua madirisha.